CPU Yenu Haijakufa, Mmeambiwa Tu

Wasee, leo nimekuja na hasira na sitaificha.

Mwezi uliopita mama yangu aliifunga CPU yetu kwa leso, akapanda nayo matatu kutoka hapa Moi's Bridge, akaipeleka kwa duka moja la kompyuta ambalo sitalitaja, katika mji ambao pia sitautaja. Ilikuwa imeanza kuonyesha ujumbe kwamba Windows 10 haipati tena apdeti, na mama si mtu wa kupuuza ujumbe. Jamaa wa duka hakuiwasha. Hakufungua hata skrubu moja. Alisoma kibandiko cha mbele, akatikisa kichwa kama daktari anayekuja kuongea na familia, akasema, "Mathe, hii imeisha. Haiwezi ingia Windows 11. Tafuta ingine." Na ingine alikuwa nayo hapo hapo juu ya meza: KSh 22,000, kibodi na mausi ya bure.

Mama alirudi na CPU yake mapajani na swali moja. Aliniuliza kama mwaka huu tunaweza kulima nusu ya shamba.

Hapo ndipo hasira yangu inaanzia. Hizo pesa zilikuwepo, lakini zilikuwa za mbolea. Wale wa Nairobi niwaeleze: huku kwetu, mpakani mwa Uasin Gishu na Trans Nzoia, mvua ikikaribia kila mtu anahesabu mifuko. Mbolea ya ruzuku pale NCPB ni KSh 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Elfu ishirini na mbili ni mifuko minane na chenji ya elfu mbili. Yaani jamaa alimwambia mama yangu, bila hata kuwasha mashine, abadilishe mahindi ya mwaka mzima na sanduku la chuma.

Na sanduku lenyewe sasa! Mama alikuwa amelipiga picha ili anionyeshe. Nikaikuza ile picha nikasoma kibandiko: Core i5-6500. Nikacheka, halafu nikaacha kucheka.

Kwa wale hawajui, hiki ndicho kitu kimoja ningependa ukariri hata ukisahau mengine yote. Ukiona namba ya prosesa ya Intel kama i5-2400, angalia tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Hiyo 2 inakuambia ni kizazi cha pili. i5-6500 ni kizazi cha sita. i5-8500 ni cha nane. (Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10400, unasoma mbili za kwanza: kizazi cha kumi.) Sasa, Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft ilisema inakubali rasmi Intel za kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chache sana za cha saba. Ya sita haimo. Inataka pia chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, Secure Boot, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64.

Kwa hivyo ile "mpya" ya 22,000 ilikuwa na ugonjwa ule ule wa yetu. Ule ule! Imeshindwa mtihani ambao CPU yetu imefukuzwa shule kwa kuushindwa.

"Lakini iliwaka na Windows 11," mama akasema. Naamini iliwaka. Kuna programu ya bure inaitwa Rufus ambayo inatengeneza flashi ya Windows 11 isiyouliza maswali ya prosesa wala TPM. Ni mlango wa nyuma, kila fundi anaujua, na kwa mashine nyingi unafanya kazi. Shida ni kwamba Microsoft imesema wazi kuwa mashine iliyoingia hivyo haina uhakika wa kupata apdeti, hata za usalama. Sawa, mtu mzima akiamua kuishi hivyo ni shauri yake. Lakini niambieni: kama mlango wa nyuma unafaa kwa mashine yake anayouza, kwa nini haukufaa kwa yetu ambayo tayari tumelipia? Jibu mnalijua. Kwa yetu angepata labda mia tano ya kuinstoli.

Na msiniambie ati ni duka moja tu. Angalieni hizi siku mitandaoni: "ex-UK, Core i5, Windows 11 ready." Ofisi za Ulaya zimetupa mashine za kizazi cha sita na saba kwa sababu Windows 10 imefika mwisho. Zinapanda meli. Zinakuja kuuzwa kwetu kama dawa ya shida ambayo ndiyo iliyozifanya zitupwe huko. Sisi tunalipa, tena tunapiga picha tukiwa na boksi.

Tukuje kwa Microsoft yenyewe, maana fundi hakuanzisha hii story. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na mwaka huo mfanyakazi wao mmoja alisimama jukwaani akasema hilo ndilo toleo la mwisho la Windows, kwamba kuanzia hapo ni kulifanyia maboresho tu. Watu waliamini. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 wakafunga bomba la apdeti za bure. Najua watasema TPM 2.0 ni ya usalama, na si uongo, ile chipu kweli inalinda funguo za kufungia data. Lakini CPU yetu ni HP Compaq 6200 Pro, i5-2400, kori nne, prosesa ya mwaka 2011. Inafungua Excel. Inaprinti. Inacheza video. Kitu kilichoifukuza si uchovu, ni orodha.

Huu mji wetu wenyewe uliitwa Hoey's Bridge wakati wa wazungu. Ulipobadilishwa jina hakuna aliyeambiwa ahame kwa sababu nyumba yake ni ya jina la zamani. Naweka hiyo hapo tu.

Na hizi mashine zikitupwa zinaenda wapi? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 kuhusu taka za kielektroniki inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilirekodiwa kukusanywa na kuchakatwa inavyotakikana. Kwa Afrika kiwango hicho hakifiki hata asilimia 1. Mtu wa Ulaya kwa wastani anatupa kilo 17.6 kwa mwaka, wa Afrika kilo 2.5. Kwa hivyo tunatupa kidogo, lakini tunachotupa kinaishia kuchomwa nyuma ya soko ili watoto watoe shaba kwa waya. Umeshanusa ule moshi. Hauhitaji takwimu.

Kuna kitu kingine kiliniuma. Windows 10 ina nyongeza ya mwaka mmoja wa apdeti za usalama, mpaka 13 Oktoba 2026, inaitwa ESU. Huku kwetu unaweza kuipata kwa kulipa dola 30, au bure ukikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yako kwenye akaunti ya Microsoft. Ulaya nao, baada ya mashirika ya watetezi wa wateja kupiga kelele, wakaondolewa hilo sharti la kuhifadhi. Walipiga kelele, wakasikizwa. Sisi fundi alituambia tutafute ingine, tukaanza kutafuta.

Sasa wale wenzangu wa "achana nayo, Windows 10 bado inafanya kazi": nyinyi nawapenda lakini mnapotosha. Ni kweli haikuzimika usiku wa tarehe 14. Hata ng'ombe ambaye hajachanjwa haanguki siku chanjo inapoisha. Anakula, anakamuliwa, hadi ugonjwa ufike boma la jirani. Mei 2017 kirusi kinachoitwa WannaCry kiliingia kompyuta za nchi zaidi ya 150 kwa wiki moja, kikafunga mafaili ya watu na kudai pesa. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Na kiraka cha kuziba lile tundu kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakukiweka. Wewe wa Windows 10 bila ESU, kiraka kijacho hakitakuja kabisa. Na kwa hiyo mashine ndipo mama yako anafungua eCitizen, ndipo ndugu yako ataandika paswadi ya HELB na KUCCPS, ndipo kuna hesabu za chama cha akina mama ishirini ambao wanamwamini mmoja tu.

Wale wa kraki ndio hata sitaki kuwabembeleza. Mtu anakuambia uzime antivairasi ndiyo programu yake ya kuactivate iingie, na wewe unaizima, unamlipa, unamshukuru. Ni kama mwizi akuombe ufunge mbwa kwanza. Nisijifanye mtakatifu hapa: nilipoikagua yetu vizuri, nikapata Windows 10 tuliyotumia miaka yote ilikuwa ya kraki tangu siku tuliyouziwa. Mama alidhani amenunua kitu kizima. Hata mimi, mtaalamu wa nyumba, sikuwahi kuangalia.

Basi nikafanya hivi. Nilinunua SSD ya GB 240 kwa KSh 2,800 na RAM ya mtumba, DDR3 ya GB 4, kwa KSh 900. Jumla 3,700. SSD ndiyo muhimu. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua hiyo, achana na RAM. Mashine nyingi za zamani si nzee, zinangojea tu diski inayozunguka. Halafu nikaenda kwa rafiki mwenye waifai, nikapakua Linux Mint, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi, karibu GB 3, nikaiweka kwa flashi. Usipakue hiyo kwa bando la kila siku, utalia.

Uzuri wa hii kitu ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwa flashi bila kugusa chochote ndani. Nilimwachia mama aibonyeze jioni nzima hivyo, kabla sijainstoli. Aliuliza Word iko wapi. Nikamwonyesha LibreOffice. Aliuliza kwa nini ni ya bure, na nikaona anashuku, kwa sababu maisha yake yote vitu vya bure vimekuwa na mtego. Nikamwambia kuna watu duniani wanaiandika pamoja, kila mtu anaongeza kipande, kama vile wanawake wa chama wanavyolimiana mashamba. Hapo akaelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa mara ya kwanza.

Inawaka kwa sekunde kama ishirini na tano. Zamani ulikuwa unaiwasha, unaenda kuchota maji. Toleo la Mint niliyoweka, la 22, litapata apdeti hadi 2029, na kuhamia toleo linalofuata ni bure. Ile diski ya zamani nimeiacha ndani kama kabati ya picha na mafaili.

"Linux ni ya mahaka." Hii nimeisikia mpaka nimechoka. Simu iko mkononi mwako ni gani? Tecno? Infinix? Itel? Hiyo ni Android, na moyo wa Android ni Linux. Umekuwa ukitumia tangu darasa la sita. Kompyuta 500 zenye nguvu zaidi duniani, tangu Novemba 2017, zote zinatumia Linux. Na Ubuntu, ambayo ndiyo Mint imejengwa juu yake, ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni utu. Kuna miaka walikuwa wanatuma sidii kwa posta popote duniani bila kulipisha hata stempu. Hiki ni kitu chenye mizizi barani kwetu, na sisi ndio tunakiogopa kama cha wageni! Nadhani ni jinsi tulivyofunzwa. Tuliofanya masomo ya kompyuta shuleni tulikariri menyu za Word, hii iko chini ya hii, ile iko chini ya ile, tukadhani hiyo ndiyo kompyuta.

Lakini sitawauzia mbuzi kwenye gunia. Kuna vitu nimepoteza.

Kama unaishi kwa Photoshop au Premiere, usinisikize, Adobe hawatengenezi za Linux. Magemu kama Valorant na Fortnite hayachezi, kwa sababu ya mifumo yao ya kuzuia wizi. Ndugu yangu mdogo amekasirika na mimi mpaka sasa, maana mpira wake alioukopi kwa flashi ya rafiki haukubali, na ananiita "serikali". Barua za zamani za mama za Word zilifunguka, ila mbili zikahama mistari, na moja ilikuwa programu ya mazishi yenye picha, ikabidi niipange upya usiku. Zile fomu za kodi za Excel zenye makro zinahitaji subira, ingawa mwajiriwa wa kawaida siku hizi anajaza moja kwa moja kwa iTax bila kupakua kitu. Printa ilikubali bila maneno. Skana yake imekataa. Kama kazi yako inategemea moja ya hivyo vitu, jiandikishe ESU leo, upate muda wa kufikiria bila mtu wa duka kukukimbiza. Au kama mashine yako ni ya kizazi cha nane kwenda juu, andika tpm.msc kwa dirisha la Run uone toleo la TPM yako. Wengi wenu ina 2.0 na imezimwa tu kwa BIOS. Unaiwasha, unapanda Windows 11 kihalali, bure, story inaisha. Kuna watu wameuza mashine kwa bei ya hasara kwa sababu ya swichi ambayo hakuna aliyewaonyesha.

Najua pia kuna mafundi wazuri. Wapo hapa hapa stejini, na wengine ndio walinifunza kushika bisibisi. Fundi mzuri unamjua kwa kitu kimoja: anawasha mashine kwanza. Anakuuliza unaitumia kwa nini. Anakuambia "weka SSD" hata kama ana CPU kumi za kuuza nyuma yake. Huyo mlipe vizuri, msibishane bei ya mia mbili. Ninayemkasirikia ni yule aliyemwangalia mama mwenye leso akaona ni mtu asiyejua kusoma namba.

Na kusema ukweli, ninajikasirikia pia. Mimi ninaposti vitu vya teknolojia kila wiki. Nimeposti simu ambazo siwezi kununua, nimeposti kompyuta za mamilioni. Mama yangu mwenyewe alipanda matatu kwenda kuuliza mgeni kwa sababu, nilipomuuliza, alisema hakutaka kunisumbua, aliniona niko bize na video. Siku tatu kabla, ule ujumbe wa Windows 10 ulitokea nikiwa nimekaa kwa hiyo kompyuta. Niliufunga.

Mbolea imenunuliwa. Mifuko minane, iko chini ya kitanda changu, chumba kizima kinanuka, na ile chenji imemezwa na SSD pamoja na deni kidogo ambalo mama anasema atanikata.

Walio karibu na Moi's Bridge: Jumamosi kuanzia saa nne nitakuwa nyumbani, si hela. Njoo na CPU, usije na monita, ninayo. Njoo na flashi ya GB 8 au zaidi ambayo haina kitu. Na tafadhali, kabla hujatoka kwenu, kopi picha na mafaili yako mahali pengine kwanza. Wiki jana msee alikuja bila kukopi, nikamrudisha. Alinuna, lakini nilimrudisha. Na kama kuna mtu amewahi kuifanya skana ya printa ya zamani ikubali Mint, huyo chai iko, na mandazi, kwa sababu mama ananiuliza kila asubuhi.